Kasi Kwanza, Sura Baadaye: Gemu za Zamani Kwenye Tableti za Mulungwishi

Katika gemu ya Super Nintendo iitwayo Air Strike Patrol, ndege ya mchezaji huruka juu ya jangwa, na kivuli chake hukimbia chini yake mchangani. Kivuli hicho si pambo. Ndicho kinachomwonyesha rubani ndege iko wapi hasa na bomu lake litaangukia wapi. Kwa miaka mingi watu walioicheza gemu hiyo kwenye kompyuta hawakukiona kabisa. Picha ilikuwa safi, mchezo ulikwenda bila kukwama, ila kivuli hakikuwepo, na wengi hawakujua kwamba wamenyimwa kitu.

Kilichokiua kivuli ni haraka. Ili kukichora, gemu hubadilisha amri za chipu ya picha wakati mstari mmoja wa televisheni bado uko nusu, haujamalizika kuchorwa. Programu zinazoiga Super Nintendo, yaani emuleta, nyingi zilichora mstari mzima kwa mkupuo mmoja ili kuokoa nguvu. Kwa gemu karibu zote haikuleta tofauti yoyote. Kwa gemu hiyo moja ilileta.

Ndiyo maana siwaamini sana wanaosema kwamba kucheza gemu za zamani kwenye tableti ni kuchagua kati ya mawili, picha nzuri au mwendo mwepesi. Yako matatu. Kuna kasi, kuna sura, na kuna usahihi: je, mashine ya zamani inaigwa kama ilivyokuwa, au inaigwa kwa kukadiria? Na kwa anayechezea Mulungwishi kuna la nne, ambalo waandishi wa Ulaya na Marekani hulitaja mwishoni au hawalitaji kabisa. Nalo ni chaji.

Mulungwishi ni misheni ya Kimethodisti ya Katanga, nchini Kongo, safari fupi kutoka Likasi upande wa kwenda Kolwezi, yenye chuo kikuu, shule na wanafunzi wa kutosha kuifanya ichangamke kuliko vijiji vya jirani. Likasi yenyewe ni mji wa shaba, na umeme wa eneo hili ulizaliwa kwa ajili ya shaba. Bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira limekuwa likizalisha umeme tangu 1930, na mteja wake wa kwanza alikuwa mgodi na tanuru la kuyeyushia madini. Nyumba za watu hupata kilichobaki, tena kwa zamu. Konsoli halisi inadai televisheni, soketi na saa kadhaa za umeme usiokatika. Tableti haidai chochote kati ya hivyo. SNEL, shirika la umeme, ikikata katikati ya mechi, mwenye PlayStation anapoteza alichokuwa bado hajakihifadhi, na mwenye tableti anaendelea gizani kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa sababu hiyo mimi huiona tableti kuwa ndiyo konsoli hasa ya mahali kama hapa, wala si kitu cha kushikia nafasi mpaka konsoli ya kweli ije.

Lakini ni tableti gani? Zinazopatikana kwa bei ya mwanafunzi mara nyingi zina kioo cha pikseli 1024 kwa 600, au 1280 kwa 800, kumbukumbu ya gigabaiti mbili au tatu, na chipu kama Allwinner A133 au Unisoc SC9863A. Kwenye boksi la yenye chipu hiyo ya pili wameandika kwa herufi kubwa: viini vinane. Mnunuzi anaona nane na kufurahi. Kwa emuleta, hivyo vinane havisaidii sana, kwa sababu kazi yake kubwa hukiangukia kiini kimoja au viwili, na vingine vinakaa kutazama. Kinachohesabika ni nguvu ya kiini kimoja, na hiyo haiandikwi kwenye boksi.

Mtu asiyezijua mashine hizi atauliza swali la haki kabisa. Super Nintendo ya mwaka 1990 ilikuwa na prosesa ya megahezi 3.58. Tableti hafifu kabisa ina gigahezi moja na zaidi. Inawezekanaje mashine yenye kasi karibu mara mia tatu au zaidi ishindwe kuiga kitu cha zamani hivyo?

Jibu zuri kuliko yote niliyowahi kusoma lilitolewa mwaka 2011 na mtunzi wa programu aliyejiita byuu, katika makala iliyochapishwa na jarida la Ars Technica. Byuu alitaka emuleta ya Super Nintendo isiyokosea hata kidogo, na alieleza bila haya kwamba kazi hiyo ilidai kompyuta ya gigahezi 3 hivi. Ndani ya mashine ya zamani prosesa, chipu ya picha na chipu ya sauti zilifanya kazi kwa pamoja, kila moja kwa saa yake, zikipashana habari muda wote. Emuleta haina vyombo hivyo. Ina prosesa moja inayopaswa kujifanya vyote: inakuwa prosesa kwa kitambo kidogo mno, inasimama, inakuwa chipu ya sauti, inasimama, inakuwa chipu ya picha, inarudi mwanzo. Kadiri zamu zinavyokuwa fupi ndivyo uigaji unavyokuwa sahihi, na ndivyo muda mwingi unavyoteketea katika kubadilishana zamu kuliko katika kazi yenyewe. Emuleta nyepesi hurefusha zamu na kubahatisha kwamba hakuna gemu itakayogundua. Air Strike Patrol ni gemu iliyogundua. Nyingine ni ile ya Speedy Gonzales, ambayo katika emuleta kadhaa za zamani iliganda kabisa mchezaji alipobonyeza kitufe fulani kwenye hatua za mwisho. Umecheza gemu nzima, umefika mwisho, na mlango haufunguki kwa sababu mtu fulani aliokoa nguvu za prosesa.

Kwa bahati, wenye vifaa dhaifu hawakusahauliwa. RetroArch, programu ya bure inayokusanya emuleta nyingi chini ya paa moja, imeweka Snes9x ya kisasa pamoja na matoleo yake ya zamani yanayotambulika kwa miaka yao: 2010, 2005, 2002. Kadiri mwaka unavyorudi nyuma ndivyo mzigo unavyopungua, na makosa yanaongezeka. Mwenye chipu ya A133 aanze na toleo la kisasa. Mara nyingi litatosha. Likishindwa kwenye gemu moja, ateremke toleo moja kwa gemu hiyo pekee, asiteremshe zote kwa sababu ya moja.

Nikisema kasi, simaanishi kasi ya kukimbia. Namaanisha kutochelewa. Gemu nyingi za zamani zilitungwa kwa mpigo wa picha 60 kwa sekunde, ambao unaipa tableti milisekunde 16 na nusu hivi kwa kila picha: kusoma kidole chako kiko wapi, kuiga prosesa, kutengeneza sauti, kuchora, kupeleka kwenye kioo. Ikichukua milisekunde 20, imekwisha kuchelewa basi. Haijalishi ile picha iliyochelewa ni nzuri kiasi gani.

Jicho ni mvumilivu kuliko tunavyodhani. Sikio halivumilii. Emuleta ikishuka hadi asilimia 90 ya mwendo wake, jicho linaweza lisione kitu, lakini sauti hukauka kila baada ya muda mfupi na kutoa mkwaruzo, kwa kuwa spika inadai sauti kwa kiwango kilekile na emuleta haijaitengeneza bado. Na hapa ni Likasi. Ulipoitwa bado Jadotville, katika mji huu ndipo mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomkuta Jean-Bosco Mwenda mwaka 1952 na kumrekodi akipiga gitaa kwa vidole, mpigo juu ya mpigo, bila hata mmoja kuteleza. Mtu aliyekua akisikia gitaa la namna hiyo hahitaji kipimo cha fremu kwenye kona ya kioo. Azime picha, asikilize muziki wa gemu kwa dakika moja, atajua.

Hata mwanzoni mwa historia ya michezo hii kuna kitu chenye sura duni na mwitikio wa papo hapo. Oktoba 1958, katika maabara ya Brookhaven huko Marekani, mwanafizikia William Higinbotham aliunganisha kompyuta ya analogi na kioo kidogo cha oskiloskopu, akatengeneza mchezo wa tenisi wa watu wawili. Hapakuwa na rangi, hapakuwa na mchezaji anayeonekana. Palikuwa na mstari, wavu, na nukta inayoruka. Wageni walipanga foleni ndefu kuicheza nukta hiyo, kwa sababu ukibonyeza iliruka saa ileile. (Higinbotham huyo, miaka ya vita, aliongoza kundi la elektroniki kule Los Alamos, walikotengeneza bomu la atomiki, na sehemu kubwa ya urani ya mradi huo ilichimbwa Shinkolobwe, hapa karibu na Likasi. Historia ya gemu na historia ya Katanga zimepakana kuliko watu wanavyofikiri.)

Sasa tuje kwenye sura, ambako ndiko watu wengi hupotezea nguvu zao bure.

Kuna kazi mbili tofauti ambazo menyu za emuleta huzichanganya kwa majina yanayofanana. Ya kwanza ni kuikuza picha iliyokwisha kuchorwa, ili ijaze kioo. Hiyo ni kazi nyepesi. Chipu ya michoro ya tableti yoyote inaiweza. Ya pili ni kuichora picha upya kwa pikseli nyingi zaidi tangu mwanzo, na hiyo inawezekana tu kwa gemu za pande tatu, kama za PlayStation, Nintendo 64 au PSP. Mario wa mwaka 1985 alichorwa kwa vigae vya pikseli na havina siri nyingine ndani yake; huwezi kumchora upya.

Kwa kazi ya kwanza, kinachohitajika ni hesabu ya shule ya msingi. Picha ya Nintendo ya zamani ina mistari 240. Kioo chako kina 600. Ukiikuza mara mbili inakuwa 480, na unabaki na utepe mweusi wa mistari 60 juu na 60 chini. Watu hawapendi utepe mweusi, wanahisi wanaibiwa kioo walichokilipia, basi wanaikuza mara mbili na nusu ili kijae. Hapo baadhi ya mistari inapewa safu mbili za kioo na mingine tatu, na picha ikianza kusogea unaona mawimbi yakipita juu ya ardhi na nyumba. Ukiyaficha mawimbi kwa kulainisha, picha nzima inakuwa na ukungu. Mimi nachagua utepe mweusi. Ukikuza kwa namba kamili, kila pikseli inakuwa mraba ulionyooka, na tableti haitoi jasho lolote. (Ugomvi wa iwapo pikseli za Super Nintendo zilikuwa mraba kamili kwenye televisheni nauacha kwa wenye muda. Hazikuwa.)

Wakati mwingine hesabu inakaa sawa yenyewe. Game Boy Advance ina pikseli 240 kwa 160. Kwenye kioo cha 1280 kwa 800 inaingia mara tano kamili, ikijaza kioo juu mpaka chini na kuacha pikseli 40 tu kila upande. Game Boy Advance ni mashine ya mwaka 2001 yenye prosesa ya megahezi 16.78, nyepesi kuigwa hata na tableti ya bei ya chini kabisa. Mtu akiniuliza ni mashine gani ya zamani iliyoumbwa kwa ajili ya tableti rahisi ya inchi nane au kumi, sisiti kuitaja.

Kazi ya pili, ya kuchora upya, ndiyo inayokula. PSP ilichora pikseli 480 kwa 272, jumla 130,560. Ukiiambia PPSSPP, emuleta ya Henrik Rydgård iliyotoka mwaka 2012, ichore mara mbili, unapata 522,240, yaani mara nne ya kazi. Mara tatu ni 1,175,040, yaani mara tisa. Neno linasema mara tatu, chipu inalipa mara tisa. Hapo ndipo kijana anapoweka tatu kwa kuwa kaona video ya mtu mwenye simu ya dola elfu moja, gemu inaanza kwenda kwa kuburura miguu, naye analaumu faili kwamba ni bovu.

Tena kwenye kioo cha 1024 kwa 600, mara tatu ni upuuzi mtupu: picha ya 1440 kwa 816 haienei, itabidi ifinywe irudi kuwa ndogo. Mara mbili ni 960 kwa 544, na inakaa ndani ya kioo hicho karibu kikamilifu. Kwa chipu isiyoweza hata mara mbili, iache ichore mara moja kisha iikuze mara mbili kwa kazi ile nyepesi ya kwanza. Itaonekana kama PSP ilivyoonekana, na hilo si tusi.

Kwa maana kuna dhana iliyozoeleka kwamba picha kali zaidi ni picha bora zaidi, nami siikubali. Wachoraji wa zamani walichora wakiijua televisheni. Maporomoko ya maji katika hatua ya kwanza ya Sonic yamechorwa kwa mistari ya wima, mmoja upo, mmoja haupo. Kwenye televisheni ya kioo cha bomba, kwa waya wa kawaida, mistari hiyo iliungana na ukaona maji yanayopitisha mwanga. Kwenye tableti yenye ukali wa wembe unaona pazia la fito. PlayStation ya kwanza nayo ilinyunyiza vitone kwenye rangi zake ili zionekane nyingi kuliko zilivyokuwa, na televisheni ilivimeza vitone hivyo. Ukiikuza picha mara nne vinakutazama usoni.

Ndiyo sababu kuna sheda, programu ndogo zinazopaka picha ili ifanane na kioo cha bomba. Nyingine ni za kifahari, kama crt-royale, na hizo zitaiua tableti ya bei nafuu kabla gemu haijaanza. Ipo zfast-crt, iliyoandikwa makusudi kwa ajili ya vifaa vidogo, inayotoa sehemu kubwa ya ladha hiyo kwa gharama ndogo. Kuhusu vichujio vya aina ya hq2x na xBRZ, vinavyobahatisha mikunjo na kulainisha kingo, nitasema ukweli wangu: vinamfanya kila mhusika aonekane kama mshumaa uliokaa juani. Wapo wanaovipenda. Vinakula nguvu, na vinatoa picha ambayo hakuna mchoraji aliyewahi kuichora.

Upande mmoja nakubali kwamba ya kisasa inaweza kuipita ya kale. PlayStation ya kwanza ilikosa hesabu za sehemu za pikseli, na ndiyo maana kuta na barabara zake hutetemeka unapotembea. Rekebisho liitwalo PGXP linaondoa mtetemo huo. Kwa gemu ya mbio za magari ni raha ya kweli. Lakini kwenye tableti dhaifu, PCSX ReARMed, iliyotengenezwa kwa ajili ya chipu za ARM na inayotafsiri maagizo papo kwa papo badala ya kuyasoma moja moja, ndiyo itakayokupa mwendo kamili, hata kama kuta zitatetemeka. Kutafsiri papo kwa papo ndiko kunakoziwezesha chipu hizi kubeba PlayStation na PSP. Anayetumiwa iPad na ndugu yake wa Brussels ajue kwamba Apple iliruhusu emuleta kwenye duka lake Aprili 2024, lakini mbinu hiyo ya kutafsiri haikuifungulia mlango. Chipu yenye nguvu inafanya kazi mkono mmoja ukiwa umefungwa.

Kuna suala moja ambalo Katanga inalijua kuliko Nairobi au Dar es Salaam, nalo ni lugha. Gemu za enzi hizo zilitolewa kwa matoleo mawili makubwa, la Marekani na Japani kwa upande mmoja, la Ulaya kwa upande wa pili. Kongo, ikiitwa Zaire, ilifuata mfumo wa televisheni wa SECAM wa Kifaransa. Kenya, Uganda na Tanzania zilichukua PAL. Mifumo yote miwili hupiga picha 50 kwa sekunde, si 60. Gemu nyingi za Ulaya hazikurekebishwa, zikaenda pole kwa asilimia 17 hivi, muziki nao ukiburuta. Sonic wa kwanza katika toleo la PAL ni mzito, na aliyemjua huyo tu hudhani emuleta inamharakisha akikutana na wa Marekani.

Kwa tableti, ambayo kioo chake kinapiga 60, toleo la 50 lina ubaya wa ziada: kila picha ya tano inabidi ionyeshwe mara mbili, na unapotembea mandhari inajikwaa kwa mpigo uleule, tena na tena. Basi chukua toleo la Marekani? Msomaji wa Nairobi atasema ndiyo na kuendelea. Mwanafunzi wa Mulungwishi amesomea Kifaransa, na Kifaransa kiko kwenye toleo la Ulaya. Final Fantasy VII ina toleo la Kifaransa la mwaka 1997, maarufu kwa ubovu wa tafsiri yake, lakini ni Kifaransa. Ushauri wangu haufuati kanuni moja. Gemu ya kusoma, yenye hadithi na maongezi, chukua ya lugha unayoielewa. Mapigano ya Final Fantasy VII huchorwa picha kama 15 tu kwa sekunde, kwa hiyo kujikwaa kwa 50 hakutakuumiza. Gemu ya kuruka, kupigana au kukimbia, chukua ya 60 na usiulize imeandikwa lugha gani. Kitufe cha kuanzia utakijua tu.

Na mpira? Huwezi kuandika juu ya PPSSPP katika Afrika hii bila kutaja mpira. Konami iliacha kuitengenezea PSP mfululizo wake wa Pro Evolution Soccer kwenye toleo la 2014, lakini mashabiki hawakuacha. Msimu hadi msimu wanabadilisha jezi, majina, nyuso na viwanja ndani ya faili la zamani na kulisambaza upya. Hapo mzigo unabadilika tabia. Injini ya gemu ni ileile, lakini picha za jezi na nyasi zimefanywa kubwa, na tableti ya gigabaiti mbili inaishiwa na kumbukumbu kabla ya kuishiwa na nguvu. Dalili yake ni kwamba mechi inaanza vizuri, halafu inakwama kwa nusu sekunde kila kamera inapomsogelea mfungaji. Kupunguza ukubwa wa kuchora hakutasaidia hapo. Funga programu nyingine zote, au tafuta toleo lenye jezi ndogo.

Ikiwa mpira bado unalemea, kuruka picha kunakubalika: gemu inaendelea kuhesabu mara 60, unaonyeshwa 30. Iwe 30 imara. Ile hali ya kupanda hadi 50 na kushuka hadi 35 inachosha macho kuliko 30 isiyoyumba. Kwa gemu ya mapigano kama Tekken sikubali hata hiyo, kwa sababu pigo zima linaweza kuanza na kuisha ndani ya picha ambazo hukuonyeshwa.

Sasa chaji. Chukua tableti inayojulikana, Galaxy Tab A7 Lite: betri yake ni miliampea-saa 5,100, sawa na wati-saa 19 hivi. Kifaa kikila wati tatu, una saa sita. Sheda nzito, mwanga wa kioo juu kabisa na kuchora mara mbili vikikipeleka wati sita, una saa tatu, na umeme unaweza usirudi kabla ya usiku. Betri za namna hii mara nyingi zina kobalti, na malori ya kobalti ya Kolwezi na Fungurume hupita Likasi kwenda mpakani. Hayamchajii mtu tableti yake. Hatua ya kwanza ya kuokoa betri haimo kwenye emuleta kabisa: punguza mwanga wa kioo.

Joto linafuata. Tableti haina feni. Chipu ikipata moto, inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue, na mipangilio iliyokuwa sawa dakika ya tano haiko sawa dakika ya arobaini. Katanga ina majira yanayopimika kwa jambo hili. Jioni ya Juni au Julai, baridi ikiwa imeshuka, tableti ileile itavumilia mara mbili bila kulalamika. Mchana wa Oktoba, kabla mvua haijaanza, itashindwa. Kwa hiyo anayepanga mipangilio yake usiku wa baridi aache akiba kidogo, la sivyo atarudi kwenye menyu mwezi wa kumi. Na atoe kava la mpira anapocheza, maana ndilo blanketi la chipu.

PlayStation 2 naitaja kwa sababu nitaulizwa. Prosesa yake ya megahezi 294 haikuwa peke yake. Ilizungukwa na prosesa nyingine zenye tabia za ajabu, na kuziiga zote ni kazi ngumu mno. AetherSX2 ya Android ilitoka Desemba 2021, ikapendekeza chipu za daraja la Snapdragon 845 kwenda juu, na mtunzi wake akasimamisha kazi Januari 2023. Tableti ya A133 haimo kwenye mazungumzo hayo. Hakuna mpangilio wa siri utakaoiingiza.

Sheria nayo ina neno fupi. Emuleta yenyewe si wizi. Mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua hivyo mwaka 2000 katika kesi ya Sony dhidi ya Connectix. Faili la gemu ni jambo jingine, lina mwenyewe, na Kongo ina sheria ya hakimiliki tangu Aprili 1986. Zipo gemu mpya zinazotungwa kwa ajili ya mashine za zamani na kutolewa bure na watunzi wao. Tobu Tobu Girl ya Game Boy, ya mwaka 2017, ni mojawapo, na inaenda kwenye kifaa chochote. Hizo pia hazili mega nyingi. Gemu nzima ya Super Mario Bros ilikuwa kilobaiti 40, wakati diski moja ya PlayStation inaweza kufika megabaiti 650.

Kwa anayeanza leo, njia isiyomsumbua ni hii. Weka kila kitu chini: kuchora mara moja, bila sheda, bila kichujio, bila kuruka picha, ukuzaji wa namba kamili. Usiipime gemu kwenye menyu yake, kila gemu ni nyepesi hapo. Nenda mahali pazito, penye milipuko au wachezaji wengi golini, uhifadhi hapo hapo ili urudi mara nyingi upendavyo. Cheza hapo hadi tableti ipate joto mkononi. Ndipo uongeze kitu kimoja, kimoja tu, urudi mahali pale pale na usikilize. Sauti ikikatika hata mara moja, kiondoe ulichokiongeza mwisho.